Manowari ya Rufiji, Kamera ya Transkei

Kuna filamu ya mwaka 1976 inaitwa Shout at the Devil. Ndani yake kuna manowari ya Kijerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji, na Waingereza wanaitafuta wailipue. Delta hiyo ni kwetu. Ni Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni, kata ambazo leo zipo Wilaya ya Kibiti. Waigizaji wakuu ni Lee Marvin na Roger Moore, yule yule wa James Bond, na mwongozaji ni Peter Hunt, ambaye naye alishaongoza Bond moja mwaka 1969. Filamu imetokana na riwaya ya Wilbur Smith yenye jina hilo hilo, iliyotoka 1968.

Kwa sisi tunaosoma fasihi na sanaa za maonyesho, hiki ni kisa kizuri kuliko mifano mingi tunayopewa darasani. Tukio lilitokea kweli, likageuzwa riwaya, riwaya ikageuzwa filamu, na mahali penyewe unapafikia kwa nauli ya basi na ya boti. Wahadhiri wetu wanaita jambo hili uhawilishaji: kazi ya sanaa inatolewa katika umbo moja na kuingizwa katika umbo jingine. Mara nyingi tukijadili uhawilishaji tunaishia kwenye swali la kitoto kidogo: je, filamu imefuata kitabu au haijafuata? Mimi nataka kuuliza kingine. Katika safari hii ya hatua mbili, ni kitu gani kinadondoka kwanza? Jibu langu ni kwamba kinachodondoka kwanza ni kazi. Tarehe zinaweza kubaki, sare za askari zinaweza kubaki, hata jina la mto likabaki. Lakini kazi ya watu wengi, ile ya kubeba, kuvuta, kupima maji na kusubiri, hiyo inaondoka mapema na nafasi yake inachukuliwa na ushujaa wa mtu mmoja au wawili.

Tuanze na tukio lenyewe, maana bila hilo hatuwezi kupima chochote.

Manowari halisi iliitwa SMS Königsberg. Ilishushwa majini huko Ujerumani Desemba 1905. (Mwaka huo huo, tarehe 4 Agosti, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, kusini ya mto. Nitarudi kwa Kinjikitile.) Ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi na mizinga 10 mikubwa ya milimita 105. Nahodha wake, Max Looff, aliifikisha Dar es Salaam Juni 1914, vita ikakaribia kuanza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta meli ya Waingereza, HMS Pegasus, imetia nanga bandarini Zanzibar ikitengeneza mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Baada ya hapo mitambo ya Königsberg yenyewe ikaleta shida, ikarudi kujificha mikokoni.

Sasa hapa inabidi mtu aijue delta ndipo aelewe. Rufiji ikikaribia bahari haiwi mto mmoja tena. Inagawanyika milango na vijito, na katikati yake kuna mikoko ambayo ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake upande huu wa Afrika, zaidi ya hekta 50,000. Kuna mkoko wenyewe, kuna mchu, msinzi, mkandaa, mkomafi. Kila mmoja una mahali pake unapopenda kuota kulingana na chumvi na tope, na kila mmoja una kazi yake kwa fundi wa boriti na wa mitumbwi. Maji yakijaa unapita mahali ambapo saa sita baadaye pana tope linalokufika magotini. Mjomba wangu, ambaye amepiga pondo huko tangu utoto, husema: "Hapa huendeshi mtumbwi, unaendeshwa na maji." Mgeni anaweza kukaa wiki nzima asijue kijito kipi kina njia ya kutokea na kipi ni mfuko.

Königsberg iliweza kuingia kwa sababu Wajerumani walishapima njia zake. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. HMS Chatham iligundua ilipo tarehe 30 Oktoba 1914, na tangu siku hiyo mpaka manowari ilipoharibiwa, tarehe 11 Julai 1915, ilipita zaidi ya miezi minane. Waingereza walijaribu kuziba njia kwa kuzamisha meli nzee iitwayo Newbridge katika mlango mmoja tarehe 10 Novemba. Mlango ulizibwa kwa namna fulani, lakini Rufiji ina milango mingine. Wakaleta ndege, zikasumbuliwa na joto na unyevu. Wakaiteka Mafia mwanzoni mwa 1915 ili wapate pa kurushia. Mwisho wakavutiwa kutoka Malta meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya Brazili kufanya kazi kwenye mito. Hizi zilihitaji kina cha chini ya mita 2 tu. Ziliingia tarehe 6 Julai zikashindwa, zikapigwa, zikatoka. Zikarudi tarehe 11, ndege ikiwa juu inawaelekeza wapi risasi zinaanguka, na safari hiyo zikafaulu. Wajerumani wakamalizia wenyewe kuiharibu meli yao.

Angalia sasa ni nini kiliamua mambo. Ni kina cha maji. Mtu ambaye Waingereza walimtuma kupeleleza delta, mwindaji mmoja wa Afrika Kusini aitwaye Pretorius, kazi yake kubwa haikuwa kupigana. Alikaa wiki kadhaa akipima vina vya mlango na kuandika nyakati za kujaa na kupwa, akisaidiwa na wenyeji waliojua vijito. Bila vipimo hivyo zile meli mbili zisingejua ziingie lini na zitoke lini zisije zikakaa juu ya fungu mbele ya mizinga ya adui. Yaani elimu iliyoshinda vita ile ni elimu ambayo mvuvi wa Mbuchi anayo kichwani bila kuiandika popote: leo ni bamvua au maji mafu, yataanza kujaa saa ngapi, yatafika wapi.

Na upande wa pili, kilichoiweka Königsberg hai muda wote ule ni mabega. Sehemu za boila zilipoharibika hazikuweza kutengenezwa mikokoni. Zikatolewa, zikawekwa juu ya mbao za kuburuta, zikavutwa na maelfu ya wapagazi kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikavutwa kurudi. Njia ambayo leo tunailalamikia kwa basi la saa tatu. Na manowari ilipokwisha, mizinga yake yote 10 ilitolewa majini, ikavutwa nayo nchi kavu, ikawekewa magurudumu, ikatumika katika vita ya bara mpaka mmoja mmoja ulipoishia njiani. Mmoja wao leo umesimama Fort Jesus, Mombasa. Wanafunzi wa Kenya wanapiga nao picha.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliotumika katika vita ile ya Afrika Mashariki, pande zote, walikaribia milioni moja, na kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu laki moja, wengi kwa maradhi na njaa. Jina lao tunalitaja kila Jumamosi tukienda kununua viatu. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililolainishwa na midomo yetu.

Riwaya

Wilbur Smith alizaliwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mwaka 1933, akafariki 2021. Aliandika hadithi za kusisimua, na alijua biashara yake. Alichokifanya na kisa cha Königsberg ni kile ambacho mwandishi wa riwaya pendwa hana budi kukifanya. Kwanza alibadilisha jina. Manowari yake inaitwa Blücher. Kulikuwa na Blücher ya kweli pia, ila hiyo ilizama Bahari ya Kaskazini Januari 1915 na haikuwahi kuiona Rufiji. Jina jipya linampa mwandishi uhuru: hakuna mjukuu wa nahodha atakayemshtaki, na hakuna mwanahistoria atakayemwambia siku ile haikuwa hivyo.

Pili, aliipa vita sababu ya nyumbani. Flynn O'Flynn ni jangili wa pembe za ndovu anayeishi upande wa Wareno na kuvuka Ruvuma kuiba tembo wa Wajerumani. Sebastian Oldsmith ni kijana Mwingereza mpole aliyekwama Zanzibar akiwa njiani kwenda Australia, akatapeliwa na Flynn na kugeuzwa mshirika wake, kisha mkwewe. Adui yao ni kamishna Mjerumani, Fleischer, mnene na katili. Fleischer anawavunjia nyumba, mtoto mchanga wa Sebastian na Rosa anakufa, na kuanzia hapo kuizamisha Blücher ni kisasi cha familia.

Ukitaka kujifunza ufundi wa msuko, hapa pana somo. Königsberg ya kweli haina kisasi. Ina miezi mingi ya mbu, malaria, makaa ya mawe kuisha, na maofisa wa pande mbili wanaokodolea macho ramani zisizo sahihi. Huwezi kumfanya msomaji afungue ukurasa wa 200 kwa ajili ya malaria. Mtoto aliyeuawa atamfanya afungue. Simlaumu Smith kwa hilo. Ninachosema ni kwamba bei ya uamuzi huo ililipwa na mtu mwingine. Ukishaifanya vita kuwa ya familia mbili za kizungu, mamia na maelfu ya watu wengine waliomo ndani yake wanakuwa mazingira, sawa na mikoko na mamba.

Filamu

Peter Hunt alikuwa ameshageuza riwaya moja ya Smith kuwa filamu mwaka 1974, ile ya migodi ya dhahabu, akiwa na Roger Moore huyo huyo. Timu ilikuwa tayari. Mtayarishaji alikuwa Michael Klinger. Na hapa ndipo pananiuma: Rufiji yao waliipiga picha Port St Johns, Transkei, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na vipande vingine Malta.

Port St Johns ni mahali pazuri, sina ugomvi napo. Mto Umzimvubu unaingia baharini kati ya milima miwili yenye kuta za mawe. Lakini mtu wa delta akiangalia picha hizo anajua hata kabla ya kuambiwa. Kwetu hakuna mlima. Ukisimama Nyamisati gatini, ukiangalia kulia na kushoto, kitu kirefu kuliko vyote ni mchu, au dungu la mtu anayelinda mpunga wake. Ubapa huo ndio uliokuwa silaha ya Looff. Manowari ya mita 115 ilipotea kwa sababu hapakuwa na kilima cha kupanda uone mbali, ndiyo maana Waingereza walilazimika kuleta ndege. Filamu inapoiweka meli chini ya vilima vya kijani, inakuwa imebadilisha hata sababu ya kisa chenyewe. Mtazamaji makini anapaswa kujiuliza: kwa nini hawapandi hapo juu wakaitazama?

Mpelelezi aliyepima maji amekwenda wapi? Amegeuka Flynn na Sebastian wenye bomu la kutega. Hawapimi chochote. Wiki za kukaa topeni na kijiti chenye alama, ukihesabu maji yanapanda kiasi gani, zimegeuka dakika chache za saa ya bomu inayohesabu. Ni uamuzi wa kisinema kabisa na ninauelewa. Saa inaonekana. Maji yanayopanda taratibu, senti kwa senti, yanahitaji mwongozaji mwenye subira na mtayarishaji mwenye moyo wa kuipoteza pesa yake.

Wapagazi wao hawakufutwa kabisa, na katika hili niwe mkweli kwa filamu. Wapo. Tunawaona wakivuta mabamba makubwa ya chuma ya kuitengenezea Blücher, huku Fleischer akiwasukuma. Bila shaka mwandishi alikuwa amesoma habari za boila za Königsberg. Lakini angalia kazi hiyo inatumika kufanya nini. Inatumika kutuonyesha Fleischer ni mbaya. Mateso ya wavutaji ni sifa ya mhusika mwingine. Hakuna hata mmoja wao anayegeuka akamwambia mwenzake "shika hapo", au "usiku tutoroke". Na wakati wa kutega bomu ukifika, mhusika wa Roger Moore anapakwa rangi nyeusi mwilini ili ajifanye kibarua Mwafrika apande melini. Yaani katika kundi zima la vibarua, yule ambaye kamera inamfuata ni Mzungu aliyepakwa rangi.

Kisha kuna Mohammed. Huyu ni msaidizi wa Flynn, mtu wa huku huku, na ameigizwa na Ian Holm, mwigizaji Mwingereza hodari kabisa. Mohammed ni bubu. Nilipoiangalia mara ya kwanza hosteli, kwenye laptopu ya mwenzangu, tulikuwa wanne na kila mmoja alicheka mahali pake, kwa sababu kiukweli filamu inachekesha, Lee Marvin mlevi yule ana kipaji. Kilichonigusa kilikuja baadaye, nikiwa nafua. Kati ya wahusika wote wenye majina, mtu wa pwani yetu ndiye aliyenyimwa ulimi, halafu hata huo ububu wake akapewa mwingine auigize.

Mto mwingine

Mtu atasema: hiyo ni filamu ya burudani, huwezi kuipima kwa mizani ya sanaa kubwa. Sawa, twende kwenye sanaa kubwa. The African Queen ya John Huston, 1951, inahesabiwa kati ya filamu bora za karne iliyopita, na Humphrey Bogart alipata Oscar kwa ajili yake. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935. Mwanamama mmisionari na fundi wa boti wanashuka mto katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914, ili wakaizamishe meli ya Kijerumani ziwani. Mto wao unaitwa Ulanga.

Watu wa Morogoro mmeshtuka. Ulanga wa kweli, ambao wengi tunauita Kilombero, hauendi ziwa lolote. Unakutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Maji ambayo Bogart na Katharine Hepburn wanayafuata kuelekea ziwani, kwa jina lake halisi, yanashuka mpaka Kibiti na kumwagika baharini kati ya mikoko ile ile iliyoificha Königsberg. Forester alichukua jina kwenye ramani na kuugeuza mto mahali ulikoelekea. Filamu yenyewe ilipigwa Uganda na Kongo, na nyingine studio London. Mpaka hapa tuna filamu mbili kuhusu mfumo mmoja wa mto wa Tanzania, na hakuna hata tone la mto huo katika filamu yoyote kati ya hizo mbili.

Uhusiano haukomi kwenye jina. Meli iliyomvutia Forester ni Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, na mzinga mmoja uliowekwa juu yake ulitoka kwenye Königsberg. Uliondoka deltani, ukafika Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen Julai 1916 walipokuwa wanakimbia. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927, na ndiyo MV Liemba ambayo babu za wenzetu wa Kigoma na Rukwa wameipanda.

Kwa mwanafunzi wa uhawilishaji, The African Queen ina mambo mawili ya kunakili kwenye daftari. La kwanza ni mwisho wake. Katika riwaya, boti inapotea kwenye dhoruba kabla ya kufanya lolote, wahusika wetu wanakamatwa na kuachiwa, na meli ya Wajerumani inazamishwa na boti za jeshi la Uingereza. Mwisho mkavu, karibu na historia. Huston akaona haufai. Katika filamu wale wawili wanakaribia kunyongwa, wanaomba wafungishwe ndoa kwanza, na wakati huo huo meli ya adui inagonga mabaki ya boti yao yenye mabomu na kulipuka. Jeshi limeondolewa, mapenzi yameshinda vita. Umeona? Kazi ya wengi imedondoka tena, hata ile ya Waingereza wenyewe.

La pili ni la mwigizaji. Katika riwaya, Allnutt ni Mwingereza wa mitaa ya London, mwenye lafudhi ya huko. Bogart hakuwa na lafudhi hiyo, kwa hiyo katika filamu mhusika akageuzwa kuwa Mkanada. Nchi nzima ya mhusika ilibadilishwa ili ulimi wa mwigizaji ukae sawa. Lakini wanakijiji wa mwanzo wa filamu, wale wanaochomewa nyumba na kuswagwa na askari, wanatoka katika picha na hawarudi. Hakuna aliyeuliza walipelekwa wapi. Historia inatuambia walipelekwa wapi. Walikwenda kubeba.

Mwaka mmoja baadaye

Nilisema nitarudi kwa Kinjikitile. Riwaya ya Smith ilitoka 1968. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, na ikachezwa hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mto ni ule ule. Mtawala ni yule yule Mjerumani. Waandishi wawili, mwaka mmoja tofauti, na hakuna dalili kwamba kila mmoja alijua anachoandika mwenzake. Hussein naye alibadilisha mambo. Hata jina alilibadilisha kidogo kwa makusudi, ili watu wajue kwamba mhusika wake wa jukwaani si nakala ya mtu wa historia. Kwa hiyo siwezi kusema mmoja alisema kweli na mwingine alitunga. Wote walitunga. Tofauti ni kwamba katika tamthilia ya Hussein watu wa Rufiji wanabishana. Wana njaa, wanalalamikia kazi ya shamba la Mjerumani, wanatiliana shaka, wanamuuliza Kinjeketile maswali ambayo yeye mwenyewe hana majibu yake. Kazi ya kulazimishwa ndiyo inayoanzisha tamthilia, na ina midomo.

Kwa nini nahangaika na haya yote? Kwa sababu ukisema unatoka Kibiti leo, utaulizwa swali moja. Mauaji ya 2016 na 2017 yalifanya jina la wilaya yetu lijulikane nchi nzima kwa muda mfupi, na jina likabaki hapo. Siku ya kwanza chuoni mwenzangu wa chumba alinitazama usoni kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Tumezoea kuwa mahali ambapo hadithi ya watu wengine inatokea: manowari yao, jangili wao, habari zao za saa mbili usiku. Mandhari haiulizwi kitu, na mtu aliyezaliwa kwenye mandhari anaanza naye kujiona hana la kusema darasani hadi mhadhiri atakapotaja Kinjeketile, na hapo anakaa wima.

Nimekuwa nikifikiria mabanda ya video. Wengi wetu tulijua sinema kule, kiingilio kidogo, mabenchi, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya filamu. Mtafsiri mzuri, kama marehemu Lufufu ambaye kanda zake zilienea nchi nzima, hakuwa anatafsiri tu. Alimpa mhusika jina la mtaani, alimfanya adui azungumze kama mwenye nyumba anayedai kodi, aliongeza maneno mahali ambapo filamu ilikaa kimya. Wasomi wakali wanaweza kuliita jambo hilo kuharibu. Mimi naliita hatua ya tatu ya uhawilishaji, na pengine ndiyo pekee katika safari hii iliyofanywa na watu wetu. Hebu fikiria Shout at the Devil katika banda la Bungu, mtafsiri yuko kwenye kipaza sauti, na Mohammed anaingia. Mnafikiri mtafsiri angemwacha bubu? Angemsemesha mpaka mwisho. Angewasemesha na wavuta chuma.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wenzangu wa mwaka wa pili na wa tatu mnaotafuta mada ya mradi. Msiandike tena kuhusu uaminifu wa filamu kwa riwaya. Chukueni kurasa kumi za muswada muandike wiki moja tu, kuanzia tarehe 6 Julai hadi 11 Julai 1915, bila kupanda kwenye meli yoyote. Kaeni na wale watazamaji waliofichwa mikokoni na simu zao za waya, na mtu aliyewapelekea chakula kwa mtumbwi. Kaeni na fundi wa boriti ambaye siku hizo sita hawezi kwenda kukata kwa sababu mto umefungwa. Kaeni na mpagazi ambaye alishavuta boila kwenda Dar es Salaam na kurudi, na sasa anasikia mizinga na kujua, kabla ya nahodha, kwamba ikizama ataitwa kuvuta na mizinga yenyewe. Msimpe bomu. Mpeni kamba, na mumpe mwenzake wa kubishana naye.

Mtakwama kwenye jambo moja la kiufundi, nalo ni maji. Kila tukio katika kurasa hizo litategemea yanajaa au yanapwa, na huwezi kulibuni hilo ukiwa maktaba. Pandeni basi la kusini mshuke Bungu, mchukue gari la Nyamisati, mfike gatini mapema. Waulizeni wanaopakia boti za Mafia maji yanapanda saa ngapi leo na kesho, na kwa nini si saa ile ile. Chukueni daftari, maana wataeleza haraka, na wengine watawacheka kidogo kwanza.